Mbwa wa Mawindo na Ndege wa Mbugani: Kipi Halali, Kipi Mzoga?



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vizuri na kutuharamishia viovu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu, swali la juma hili limetoka mbali. Mama mmoja wa hapa Mombasa ana mwanawe aliyehamia jimbo la South Dakota, katikati ya Marekani, pamoja na mkewe na watoto. Mwaka jana, msimu wa mawindo ulipofunguliwa, wenzake wa kazini walimwalika katika msafara wa kuwinda ndege mbugani, wakiongozwa na kiongozi mwenye mbwa wake. Alirudi jioni na ndege watatu. Mkewe alipopata habari kwamba ndege hao waliletwa na mbwa kwa kinywa chake, alikataa kata kata wasiingie katika chungu chake. Mume akasema mbwa wa mawindo ametajwa katika Kur'ani. Mke akasema yeye ni Mshafi na mbwa ni najisi. Siku nne hawakusemezana, na kila mmoja akampigia simu mama huyu kumshitakia mwenziwe. Naye ameniuliza: nani kati yao mwenye haki?

Nilipompa jawabu, nilianza kwa kumuuliza swali jingine: ndege wale watatu walikufa vipi, mmoja mmoja? Hakujua. Akampigia mwanawe, kisha akanirudia. Jibu lake nitalieleza mahali pake, kwani ndilo lililoamua mambo. Lakini kwanza yafaa tuijue mbuga yenyewe na mawindo yake, maana mwenye kutoa hukumu juu ya jambo asilolifahamu hupotea na kupoteza.

Mbuga na ndege wake

South Dakota imegawanywa na mto Missouri unaopita katikati yake. Pande zote mbili palikuwa na mbuga za nyasi zisizo na mwisho, ambazo wenyewe huziita prairi. Nchi wazi, miti ni michache, na upepo hautulii. Zamani nyati wa Kimarekani walilisha humo kwa mamilioni. Leo sehemu kubwa ya upande wa mashariki imelimwa mahindi na soya, na nyasi za asili zimebaki vipande vipande, zaidi upande wa magharibi na katika hifadhi kama ile ya Fort Pierre, kusini mwa mji mkuu wa jimbo hilo, Pierre.

Ndege wanaowindwa ni wa jamii moja na kuku na kwale wetu. Huishi chini, hula mbegu na wadudu, na hawaruki mpaka wabanwe. Wako wenyeji wa asili, kama yule mwenye mkia uliochongoka anayependa nyasi fupi za vilimani. Lakini aliye mashuhuri kuliko wote ni mgeni: fezanti, jogoo wa porini mwenye mkia mrefu, shingo yenye pete nyeupe, na rangi za shaba na kijani zinazomeremeta. Asili yake ni Uchina. Mnamo miaka ya 1881 na 1882, Owen Denny, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai, aliwapeleka ndege hao hadi Oregon, pwani ya magharibi, na kutoka huko wakaenea. South Dakota waliwapata mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1919 serikali ya jimbo iliruhusu siku moja tu ya kuwawinda, katika wilaya ya Spink peke yake. Mwaka 1943 fezanti akafanywa ndege rasmi wa jimbo hilo. Mgeni akawa mwenyeji. Jambo ambalo sisi watu wa pwani hatulistaajabii.

Mawindo hayo yana mipaka. Msimu wa fezanti hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kufungwa mwisho wa Januari. Mwindaji sharti awe na kibali. Haruhusiwi kuua zaidi ya majogoo watatu kwa siku, na majike hayaguswi kabisa, ili kizazi kisikatike. Kuwinda huanza saa nne asubuhi na kukoma jua linapozama. Tangu mwaka 1937 kuna sheria ya nchi nzima inayotoza kodi juu ya bunduki na risasi za mawindo, na fedha hizo hutumika kuwahifadhi wanyama na makazi yao. Na tangu mwaka 1985 serikali huwalipa wakulima wanaokubali kuacha sehemu za mashamba yao zirudi kuwa nyasi kwa miaka kadhaa. Mahali nyasi zinaporudi, ndege hurudi; zinapolimwa tena, ndege hupungua. Haya yote ni ya watu wasiokuwa wa dini yetu, lakini ndani yake mna maana tunayoijua: kiumbe ni amana, na mwenye kuchukua sharti ajue pa kukomea.

Mbwa aliyesoma

Katika msafara kama ule, kiongozi huwa ndiye mwenye mbwa. Yeye huijua mbuga, hujua upepo unatoka wapi, na hujua ndege hujificha wapi asubuhi na huhamia wapi jioni. Lakini pasipo mbwa, ujuzi wake ni nusu. Fezanti huweza kupenya katikati ya majani kwa miguu bila ya mtu kumwona, au akajilaza chini kimya hata mtu akampita hatua mbili.

Mbwa wa kazi hiyo ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wa kuonyesha, kama Pointer na Setter. Huyu hukimbia mbele, kushoto na kulia, pua yake ikipokea upepo. Akiipata harufu ya ndege, husimama ghafla kama sanamu, mguu mmoja pengine umeinuliwa, wala hasogei tena. Ndege yuko pale, hatua chache mbele ya pua yake, na moyo wa mbwa unamtaka. Lakini amefundishwa asimame mpaka bwana wake afike. Wa pili ni wale wa kufurusha, kama Labrador na Spaniel. Huyu huingia majanini karibu na mwindaji na kumtoa ndege aruke. Ndege akipigwa na kuanguka, mbwa hutumwa kumtafuta, naye humbeba kwa kinywa laini, bila ya kumtafuna, akamkabidhi bwana wake mkononi.

Mafunzo hayo huanza mbwa akiwa mtoto. Hufundishwa neno la kusimama, neno la kuja, neno la kwenda kuleta. Hufundishwa asiushtukie mlio wa bunduki. Na lililo gumu kuliko yote, hufundishwa kuizuia nafsi yake: asimfukuze ndege anayeruka, wala asile kilichomo kinywani mwake hata akiwa na njaa.

Sasa tuyalinganishe hayo na waliyoandika maulamaa wetu. Ruhusa ya mawindo ya mnyama aliyefundishwa imo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wakaeleza ni yupi anayeitwa amefundishwa: ni yule ambaye akitumwa huenda, akizuiwa husimama, akikamata humshikia bwana wake wala hali, na hayo yakariri kwake mpaka wajuzi waone kuwa ni tabia yake, si bahati. Mtu angedhani wameketi na kiongozi wa mbuga za Dakota wakaandika pamoja.

Na hapa pana nukta ambayo maulamaa waliizingatia, akiwemo Ibn al-Qayyim. Mbwa ni mbwa, lakini mawindo ya aliyefundishwa ni halali na mawindo ya asiyefundishwa ni haramu. Elimu ikampa mnyama daraja. Ikiwa hali ndiyo hiyo kwa mbwa, itakuwaje kwa mtoto wa Adamu?

Aliyetuulizia swali hili

Masahaba waliomuuliza Mtume (S.A.W.) sana kuhusu mawindo ni pamoja na Adiy bin Hatim, mwana wa yule Hatim wa kabila la Tay aliyepigiwa mifano kwa ukarimu wake. Adiy alikuwa Mkristo kabla ya kusilimu, na watu wake walikuwa wawindaji. Hadithi zake zimo ndani ya Bukhari na Muslim, na karibu kila suala la msafara wa Dakota lina jibu lake humo.

Tukizikusanya maana zake, tunapata haya. Ukimtuma mbwa wako aliyefundishwa na ukataja jina la Mwenyezi Mungu, kula alichokukamatia, hata kama amekiua. Akiwa amekula sehemu yake, usile, kwa sababu yahofiwa amejikamatia mwenyewe. Ukikuta mbwa mwingine pamoja naye na hujui ni yupi aliyeua, usile. Silaha ikipenya kwa ncha yake, kula. Ikiua kwa ubapa, kwa uzito wa kipigo, usile. Na mawindo yakianguka majini yakafa, usile, kwani hujui kama ni silaha iliyoyaua au ni maji.

Angalieni, mama zangu, jinsi hukumu hizi zinavyozunguka mhimili mmoja: sababu ya kifo ijulikane, na iwe ni sababu halali. Panapoingia shaka juu ya kilichoua, tunaacha. Kinywa cha mbwa hakikutajwa kuwa ndicho kinachoharamisha.

Jibu la najisi

Basi mke yule alikosea kuhusu najisi? Hapana. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito. Pale penye alama ya meno au unyevu wa mate panakuwa na najisi, na kauli iliyo sahihi zaidi, kama alivyoieleza Imam an-Nawawi katika Minhaj, ni kwamba haisamehewi. Lakini Imam huyo huyo ameeleza kuwa yatosha kupaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Wala si lazima kuikata nyama hiyo na kuitupa. Madhehebu ya Imam Malik yamekwenda mbali zaidi, yakaona mbwa ni tohara.

Kwa hivyo mume alisema kweli kuwa mbwa hakumharamisha ndege. Naye mke alisema kweli kuwa ndege hakufaa kuingia chunguni vile alivyo. Kilichowagombanisha kilikuwa na dawa ya maji na udongo, na pengine robo saa ya kazi. Lakini wote wawili walikuwa wakitazama kinywa cha mbwa, na hatari ilikuwa kwingine: mkononi mwa binadamu.

Shingo iliyosokotwa

Hili ndilo jibu alilonirudishia yule mama. Katika ndege watatu, wawili walikuwa wamekwisha kufa mbwa alipowafikisha. Wa tatu alikuwa hai, bawa limevunjika, macho wazi, akipapatika. Mbwa alimleta vizuri, bila ya kumwumiza zaidi. Mwenzake wa kazini, kwa kutaka kumsaidia, alimchukua akamsokota shingo mara moja, akamtia mfukoni.

Inna lillahi! Ndege huyo ni mzoga.

Kusokota shingo ni desturi ya wawindaji wa kule, na wao huiona kuwa ni huruma, kwani ndege hafi polepole. Kwetu ni sawa na mnyama aliyenyongwa, ambaye Sura hiyo hiyo ya Al-Maida, katika aya ya 3, imemtaja kwa jina miongoni mwa vilivyoharamishwa. Mawindo yakipatikana yangali na uhai uliotulia, ruhusa ya mawindo imekwisha. Amekuwa mnyama aliye mkononi, na mnyama aliye mkononi huchinjwa kwa kukatwa koromeo na umio.

Maulamaa wetu walikuwa makini mno hapa. Wamesema: akimfikia akiwa hai, kisha akafa kabla hajamchinja bila ya uzembe wake, kwa mfano amekufa alipokuwa akichomoa kisu, basi ni halali. Lakini akifa kwa sababu hakuchukua kisu, ni haramu. Hata kisu kikikwama alani mpaka mawindo yakafa, Imam an-Nawawi amekihesabu kuwa ni uzembe. Mwislamu anayekwenda mbugani bila ya kisu kikali, kinachochomoka kwa urahisi, amekwenda kutafuta mizoga.

Basi wa tatu atupwe, asiliwe na mtu wa nyumba ile. Tunabaki na wawili.

Bunduki

Hawa wawili waliuawa na bunduki ya marisau, na hapa maulamaa wamekhitilafiana. Si haki kukuficheni. Kundi la maulamaa wa Kishafi waliotangulia, bunduki zilipoenea, walimhesabu mnyama aliyeuawa nayo kuwa ni kama aliyekufa kwa kipigo, kwa kuwa donge la risasi halina makali. Wapo Mahanafi waliosema hivyo pia. Lakini maulamaa wa Kimaliki wa nchi za Maghribi waliona kuwa ni halali, kwani hupenya na kumwaga damu kuliko hata mshale. Na al-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, akaiunga mkono kauli hiyo kwa hoja hiyo hiyo ya kupenya. Wengi wa watoa fatwa wa zama zetu wako upande huu.

Mimi naona mwenye kushika kauli hii ya pili halaumiwi, madamu marisau yamepenya mwilini, jina la Mwenyezi Mungu limetajwa wakati wa kufyatua, na hakumkuta ndege akiwa hai. Katika madhehebu yetu kutaja jina ni sunna iliyokokotezwa. Katika madhehebu mengine ni sharti. Basi mtu asiliache. Na mwenye kujizuia asile ila alichochinja kwa mkono wake, huyo amechukua hadhari, wala mwenziwe asimkebehi.

Yako na mambo mengine ya mbugani yanayohitaji jicho. Ndege aliyepigwa angani akaanguka ardhini na kufa, ni halali. Kuanguka ni jambo lisiloepukika. Lakini eneo la mashariki mwa Dakota limejaa madimbwi na vidimbwi vilivyoachwa na barafu ya kale, na ndege huangukia humo mara nyingi. Aliyeanguka majini akafia humo kwa hali ya shaka, aachwe. Vile vile, wawindaji wa fezanti hupenda kutembea safu moja katika shamba la mahindi, na wengine wakasimama mwisho wa shamba kuwangoja ndege. Ndege mmoja huweza kupigwa na watu wawili. Aliyempiga akiwa ni Mkristo au Myahudi, jamhuri ya maulamaa wanahalalisha mawindo yake kama wanavyohalalisha kichinjwa chake, ingawa madhehebu yetu yameweka masharti mazito juu ya nani anaingia katika hukumu hiyo. Akiwa si mtu wa kitabu wala hana dini, akashirikiana nawe katika kuua, mawindo hayo usiyale. Lililo salama ni mtu kupiga wake peke yake, na kumchukua wake peke yake.

Pia zipo shamba maalumu ambako ndege hufugwa vizimbani, kisha huachiliwa wakati wa mawindo. Ndege akiachiliwa na kuruka hata asishikike, hukumu yake ni ya mawindo, kama alivyopigwa mshale yule ngamia aliyetoroka katika safari ya Mtume (S.A.W.) na masahaba. Lakini akizubaa chini na mkono waweza kumfikia, huyo ni wa kuchinjwa tu.

Saa za sala

Kumbukeni ile sheria ya kuwinda tangu saa nne asubuhi mpaka magharibi. Ndani ya saa hizo zimo Adhuhuri na Alasiri zote mbili. Mwisho wa Oktoba jua huzama huko kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, lakini Novemba saa zinaporudishwa nyuma, huzama kabla ya kumi na moja na nusu. Siku inakuwa fupi, na mwindaji anayemfuata ndege mmoja baada ya mwingine hujikuta Alasiri imempita. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kuandama mawindo hughafilika. Aliyeijaribu siku moja ya mbugani ataona ukweli wake.

Mwana wa mama yule amkumbushe kiongozi wake mapema kwamba kuna nyakati mbili atasimama. Achukue maji, mkeka na nguo safi. Mbwa akimgusa akiwa mkavu na nguo kavu, hakuna najisi inayohama. Akimgusa na unyevu, nguo hiyo ioshwe mara saba na moja kwa udongo kabla ya kusaliwa. Akisafiri umbali wa kuswali safari, anayo ruhusa ya kupunguza na kukusanya, maana safari yake ni ya jambo la halali.

Ni halali madamu makusudio yake ni chakula. Kumwua kiumbe kwa mchezo tu, kisha akaachwa aoze, ni jambo lililokemewa, na Mtume (S.A.W.) amekataza kitu chenye roho kufanywa shabaha. Tena misafara hii inayoongozwa hugharimu mamia ya dola kwa siku, kwa ndege watatu. Mwenye wazazi wanaongoja karo za wadogo zake apime mwenyewe palipo na uzito.

Jikoni

Dada zangu mlioko ughaibuni, ndege wa aina hii akiingia mikononi mwenu, ulizeni kwanza amekufaje. Kisha nyonyoeni au chuneni, osheni kama ilivyoelezwa, na toeni matumbo mapema. Tafuteni kila tundu la marisau. Kateni nyama iliyovilia damu pembezoni mwake na mtoe punje zilizobaki. Hilo lina sababu ya afya pia. Lugha yetu yenyewe inatuonya: risasi ndilo jina la madini yale mazito ambayo ni sumu mwilini, hasa kwa ubongo wa mtoto. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota, jimbo la jirani, iliwashauri wajawazito na watoto wadogo wasile nyama ya paa iliyowindwa kwa risasi za madini hayo. Zipo marisau za chuma, na katika ardhi nyingi za umma za South Dakota ndizo za namna hiyo zinazotakiwa kisheria. Mwambieni mwindaji wenu atumie hizo. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya sharia.

Na sisi tulioko huku

Huenda msomaji wa Kwale au Malindi akauliza: nasi tuchukue mbwa tukawawinde kanga? La. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 ikaendelea kuukataza. Kutii sheria yenye maslahi ya umma ni wajibu, na wanyama wetu waliobaki ni wachache.

Lakini somo la mbwa latufikia. Wako watoto wetu wanaodhani kuwa najisi ya mbwa ni ruhusa ya kumpiga mawe. Huu ni ujinga unaopaswa kutolewa vyuoni na majumbani. Sharia imeturuhusu kumfuga mbwa kwa mawindo, kwa mifugo na kwa shamba, na bila ya haja hiyo ujira wa mwenye kumfuga hupungua kila siku. Lakini ni Mtume huyo huyo (S.A.W.) aliyetusimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Najisi ni hukumu ya maji na udongo. Huruma ni hukumu ya moyo. Mtoto afundishwe zote mbili siku moja.

Kwa mama aliyeniuliza, jawabu langu ni hili. Mwambie mkweo kuwa alifanya vyema kuuliza kabla ya kupika, na mwambie mwanao kuwa dalili aliyoishika ni ya kweli lakini hakuimaliza. Ndege wa tatu wamtupe. Wale wawili, wakitaka kuwala kwa kauli ya wenye kuruhusu, wawaoshe kwanza. Wasipotaka, hakuna ugomvi, wawape wenzake wa kazini wale. Na msimu ujao, kabla ya kumkumbusha kofia na glavu, mkumbushe kisu chake kiwe kikali, na kisikwame alani.

Wallahu aalam.